Mafuta Mazuri ya Mzee Bedan

Wacha niseme mapema ndio watu wasianze kutafuta mwenye makosa. Hiyo maneno ya mafuta mazuri, ni mimi nilimwambia mzee. Si daktari, si gazeti. Ni mimi, Muigai, na ile B yangu ya Biology, nimekaa nyumbani Mugutha tangu nimalize Form Four, nangoja barua ya chuo ambayo hata watu wa posta wameniambia nipumzike kuiulizia.

Mzee wangu anaitwa Bedan. Ni nyapara kwa shamba la kahawa hapa Ruiru, na alikuwa anakunywa vile watu wengine wanapumua. Asubuhi kabla ya kazi alikuwa anapitia kwa Syombua, ile baa ndogo nyuma ya maduka. Saa ya lunch anapitia tena. Jioni hapitii, anakaa. Mama alikuwa ameacha kumwambia kitu kitambo sana. Alikuwa anaongea na sufuria tu, na hizo sufuria zilisikia mambo.

Sasa mwezi wa nane, ninety-six, Jumapili moja mzee akashikwa na tumbo. Si ile ya kushikwa unakunywa chai ya tangawizi inaisha. Ilianza hapa juu ya kitovu ikatoboa mpaka mgongo. Nilimpata amelala kwa simiti, magoti yamegusa kidevu, anatapika maji ya kijani. Jirani akatoa pikapu yake tukampeleka kliniki moja Thika, huko ndani kidogo, wakamlaza.

Huko kulikuwa na mama wa lab, anaitwa Mwanarusi. Mtu wa Majengo, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unajiona umevaa shati chafu. Alitoka na kachupa ka damu akaniita.

"Kijana, hebu njoo. Huyu mzee ni nani wako?"

"Ni baba yangu."

"Tazama hapa."

Nikatazama. Chini ilikuwa damu kama damu. Juu yake kulikuwa na kitu nyeupe, nzito, kama maziwa.

"Umeweka nini hapo?"

"Mimi? Mimi nimeizungusha kwenye mashine tu. Hiyo ni damu ya baba yako. Hayo meupe ni mafuta."

"Lakini yeye hali nyama hivyo, madam. Hata ugali anaonja tu."

"Nani kasema nyama? Mtu kakonda kama mwiko. Ni pombe hiyo. Ini likishinda kutwa linahangaika na pombe, linatengeneza mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, na damu ya kutia kwenye chai nimeiona mara tatu tu."

Daktari wao, Opiyo, ni mtu wa maneno machache. Alisimama kando ya kitanda, mimi na Mama na dadangu Rachael tukisikia, akasema kongosho ya mzee imewaka moto kwa sababu ya hayo mafuta na pombe yenyewe. "Mzee, hii imekubali kutulia. Ukikunywa tena, hata kama ni sherehe ya siku moja, inaweza kurudi. Ikirudi, sitakuahidi kitu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameogopa mbaya. Mimi sikuwa nimewahi kuona baba yangu ameogopa, na nilitaka kutoka nje.

Sehemu ya hiyo damu ilipelekwa Nairobi kupimwa zaidi. Karatasi ilirudi baada ya wiki moja, mzee akiwa ashatoka. Jioni moja akaniita kwa meza.

"Awa, hebu nisomee hii kitu."

Awa ni baba, kwa Kikuyu. Mimi nimeitwa jina la baba yake, kwa hivyo mzee akitaka kitu kutoka kwangu, mimi ni baba yake. Asipotaka kitu, mimi ni huyu kijana wa kulala mpaka saa nne.

Nikasoma. Sasa hapo ndio ujinga wangu uliingia. Ningesema tu "Baba, uko mgonjwa, wacha pombe," nifunge karatasi. Lakini nilikuwa nimekaa nyumbani miezi tisa bila mtu kuniuliza swali lenye nilijua jibu. Nikaanza masomo. Nikamwambia hii ya kwanza ni triglycerides, ndio yale maziwa, yako ni kumi na mbili na inatakiwa isifike hata mbili. Na hii ingine inaitwa HDL, hiyo sasa ndio mafuta mazuri, ndio inasafisha mishipa.

"Na yangu ni ngapi?"

"Moja nukta tisa. Iko juu sana."

"Juu kuliko ya watu?"

"Juu kuliko ya watu wengi."

"Kuliko ya pastor?"

Nikacheka. "Huenda hata ya pastor."

Mzee akaikunja hiyo karatasi polepole, akaiweka ndani ya Biblia, huko kwa Zaburi. Ningejua ningeila.

Lakini pombe aliacha. Nimpatie haki yake. Wiki kumi mzima hakugusa kitu. Hiyo wiki ya kwanza alitetemeka mpaka kijiko kikawa kinapiga kelele kwa kikombe, na daktari akampatia tembe. Baadaye akatulia. Na mzee akiwa hajakunywa, manze, ni mtu wa kuchosha! Kumbe hiyo miaka yote alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Chai imechemka sana. Mlango unalia, nani anautupa? Alirekebisha redio ambayo ilikuwa mzima, ikaharibika. Mama alikuwa anatabasamu akipika. Siku moja nikamsikia anamwambia, "Baba Muigai, keti uongeze mboga," na sauti yake ilikuwa ya msichana. Hata sufuria zilipumzika.

Na hapo katikati kukawa na maneno ya Rachael. Rachael ni firstborn wetu, anafundisha nursery school, na alikuwa amepata mtu, Githae, fundi wa magari wa huko Kimbo. Mtu mpole. Watu wao wakaleta habari kwamba watakuja ruracio, ile siku ya kuleta mahari, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi. Sasa kwetu, wazee wa kijana wanakuja na muratina, pombe yetu ya asali. Wanaileta na kibuyu, msichana anaitwa mbele ya watu wote, anaulizwa, "Tunywe hii pombe ama tusinywe?" Akisema mnywe, anamimina kwa pembe, anaonja, anampatia baba yake. Baba akinywa, basi, msichana ameolewa. Asipokunywa, amekataa hao watu. Ni hivyo tu. Hakuna kusaini.

Mama alinitazama hiyo siku habari ilifika, mimi nikamtazama.

Wiki mbili kabla ya hiyo Jumamosi mzee akarudi Thika kupimwa tena. Alitakiwa kwenda bila kula tangu jioni. Nikamshika jikoni alfajiri na kikombe.

"Baba, si ulisema hutakula?"

"Hii ni chai."

"Chai iko na maziwa!"

"Kidogo," akasema, akamaliza.

Hiyo siku ikaharibika, tukaenda kesho yake, na huo usiku nililala na thermos chini ya kitanda changu.

Majibu yakarudi. Yale maziwa yalikuwa yametoka kumi na mbili yakaja mbili nukta tatu. Mimi nikasoma nikapiga meza. "Baba! Umepona!" Yeye hata hakunisikia. Alikuwa ametoa ile karatasi ya kwanza kwa Biblia, ameziweka kando kwa kando, kidole chake kikubwa kinashuka polepole mpaka kwa ile laini ya HDL.

"Awa. Hii ilikuwa moja nukta tisa."

"Ndio."

"Sasa ni moja nukta moja."

"Ndio, lakini hiyo..."

"Yale mazuri yameisha."

"Hayajaisha, Baba, yame..."

"Nilikuwa nakunywa, yalikuwa mengi. Nimeacha, yameanguka karibu nusu." Akavua miwani. "Mnaniua polepole nyinyi na chai yenu."

Kitabu changu cha Form Four kilisema HDL ni nzuri kikafunga mdomo hapo.

Kufika Jumatatu Mugutha yote ilijua. Mzee alikuwa anaenda kwa Syombua, anakaa, anaitisha soda, halafu anatoa karatasi mbili. Hakunywa. Alikuwa anatayarisha watu kwa ile Jumamosi. Anasomea walevi namba kama mtu wa habari za saa moja. Syombua mwenyewe akaniambia njiani, "Wewe, baba yako ameniletea wateja. Sasa kila mtu anaitisha dawa ya mafuta mazuri." Na ndugu mkubwa wa mzee, Ngaruiya, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu siku ya ruracio, akaja nyumbani kuziona hizo karatasi, akazigeuza chini juu, akasema mashine haiwezi kudanganya.

Nikaona hii imenishinda. Nikaenda Thika peke yangu, nikampata Mwanarusi anakula mahamri mlangoni kwa lab. Nikamwelezea yote. Kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka.

"Nani alimwambia habari ya mafuta mazuri?"

Nikaangalia viatu.

"Ni wewe."

"Ni mimi, madam."

"Haya, kaa hapo. Mafuta hayachanganyiki na maji, sivyo? Basi hayawezi kutembea kwenye damu peke yake. Lazima yabebwe. Zipo protini za kuyabeba. Tazama ile mikokoteni pale sokoni. Hiyo HDL yako ni mikokoteni midogo, inazunguka inaokota mafuta yaliyobaki na kuyarudisha kwenye ini. Ni kazi nzuri. Lakini mlevi, pombe inalisukuma ini lake litoe mikokoteni mingi kupita kawaida. Sasa wewe umesimama barabarani unahesabu mikokoteni, unasema, ah, soko hili lina afya! Umeangalia kama inabeba sawasawa? Na yale malori makubwa yaliyofunga njia nzima mpaka damu ikawa maziwa, hayo hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Malori sasa yameondoka. Mikokoteni imerudi kawaida. Moja nukta moja ni namba ya mwanamume mzima. Huenda ndiyo ya imamu wetu, na yule hajawahi kunusa hata kizibo." Akanigonga goti na kidole. "Sikiliza vizuri. Angekuwa anakunywa kwa siri, hiyo namba isingeshuka hivyo. Kushuka kwake ni ushahidi kwamba baba yako ameacha kweli. Mzee ameshinda, halafu anatembeza cheti chake cha ushindi akisema ameshindwa!"

Nilirudi nyumbani karibu mbio. Nikamkuta mzee anapaka kiwi viatu vya Jumamosi. Nikamwambia yote, mikokoteni, malori, mpaka imamu. Alisikiza vizuri, hata brashi akaweka chini.

"Kwa hivyo," akasema, "hiyo mikokoteni ililetwa na pombe."

"Ndio, lakini..."

"Umesema ndio."

"Baba, sikiza hiyo ingine!"

"Nimesikiza. Mama wa lab amekubaliana na mimi." Akachukua brashi. Halafu akasema polepole, bila kuniangalia, "Na hata kama si hivyo. Nitawaambia nini watu wa Kimbo? Nikatae pembe ya Rachael? Nimfanyie hivyo mtoto wangu kwa sababu ya tumbo?"

Hapo ndio nilijua. Hiyo karatasi ilikuwa ya kujificha tu. Alikuwa anaogopa kunywa na anaogopa kukosa kunywa, na katikati alikuwa ametafuta namba ya kumshika mkono. Ningempiga na kiatu. Ningemkumbatia pia. Sikufanya hata moja. Nikageuka, na Rachael alikuwa amesimama kwa mlango na kikapu cha daftari, amesikia kila kitu.

"Rachael..." nikaanza.

"Wachana na mimi, Muigai. Wewe na HDL yako."

Jumamosi wakaja. Saa sita mchana uwanja umejaa viti vya kanisa, kina mama wanamenya ndizi huko nyuma, watu wa Kimbo wameingia wakiimba, na mbele yao kibuyu kimevalishwa kitambaa kama bibi arusi mwenyewe. Harufu ya muratina ilifika kabla yao. Nikamuangalia mzee. Suti ya kahawia, miwani, na kwa mfuko wa koti, hizo karatasi zinachungulia. Pua yake ilikuwa imeamka.

Maneno yakaenda vile yanaendanga, marefu. Ngaruiya akaongea, msemaji wao akaongea, watu wakacheka pale pa kucheka. Mwisho Rachael akaitwa. Akaja na kitenge, macho chini.

"Mwanangu," Ngaruiya akasema, "hawa watu wanasema unawajua. Wameleta hii pombe. Tunywe ama tusinywe?"

"Mnywe," Rachael akasema, na kina mama wakapiga vigelegele. Akamimina. Akaonja. Akainuka na hiyo pembe, akampita mzee, akampatia Ngaruiya.

Vigelegele vikakatika katikati.

"Haiya! Rachael," Ngaruiya akasema, "baba yako ni huyu."

"Najua baba yangu."

"Mpatie basi. Unataka hawa watu wafikirie nini?"

Watu wa Kimbo walikuwa tayari wanafikiria. Githae alikuwa ameshika magoti na mikono miwili. Mzee akanyoosha mkono. "Leta, mama. Usiogope." Na mkono mwingine ukaingia kwa koti. "Wageni wetu, kuna watu wamesema mimi ni mgonjwa. Hapa niko na karatasi ya mashine..."

Nikasimama. Kwa ruracio kijana kama mimi kazi yake ni kubeba viti. Nikasikia sauti yangu imetoka juu kama ya jogoo mdogo. "Hiyo karatasi ni mimi nilimsomea! Na nilimsomea vibaya! Hakuna mafuta mazuri hapo, ni pombe tu ilikuwa imeandikwa kwa namba. Daktari alisema akinywa anaweza kufa."

"Keti chini!" Ngaruiya akanguruma. "Mtoto wa juzi anaongea mbele ya wageni?"

Sikuketi.

Mzee hakuniangalia. Mkono wake bado ulikuwa mbele, wazi. "Leta, Rachael," akasema tena, polepole. "Nisikuaibishe."

"Mmeniuliza mimi," Rachael akasema. Sasa alikuwa ameinua macho. "Si mmeniuliza? Basi nimalizie kujibu. Githae nimemkubali. Pombe yake mnywe nyote mpaka iishe. Lakini Baba akiionja, hata ulimi tu, jibu langu ni hapana, na hawa watu warudi Kimbo na mbuzi wao."

Huko nyuma Mama alikuwa amesimama na kisu na ndizi nusu. Msemaji wa Kimbo akamuuliza mwenzake kitu kwa sikio, na mwenzake akainua mabega, kwa sababu msichana alikuwa ameulizwa kweli, na hakuna mahali ilisemekana lazima ajibu kwa neno moja.

Mzee akamgeukia mtoto wake.

"Hata kidogo?" akauliza.

Ngai! Hata hapo!

"Hata kidogo, Baba."

"Kulowesha mdomo tu."

"Hapana."

"Lakini lazima baba anywe," Ngaruiya akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu amekwama. "Baba asipokunywa hakuna kitu tumefanya hapa."

Mzee akashusha mkono. Akatoa miwani, akaipangusa na hizo karatasi zake, zote mbili, akazirudisha kwa mfuko zimekunjana. Halafu akageuka, akanipata bado nimesimama kama mti.

"Huyu anaitwa nani?" akauliza nduguye.

"Unauliza nini? Ni Muigai."

"Amepewa jina la nani?"

Ngaruiya akaniangalia upya. "La baba yetu."

"Basi baba yupo." Mzee akanionyesha na kidole. "Rachael, mpatie huyo. Si yeye ndio anajua mambo ya mafuta?"

Kicheko kilianza upande wa Kimbo, kwa mzee mmoja asiye na meno, kikazunguka viti vyote. Ngaruiya alikuna kichwa, akaangalia wageni, wageni wakaitikia, na yeye akainua mkono. "Haya. Awa anywe."

Rachael akaniletea pembe. Akanikanyaga kidole cha mguu makusudi, halafu akatabasamu. Mimi sikuwa nimewahi kuonja muratina. Ilikuwa chungu na tamu na ina kitu inaelea. Lakini watu walikuwa wananiangalia, kwa hivyo nikanywa yote, na nikiwa nakunywa jicho langu likaenda kwa mzee. Alikuwa ameketi wima, mikono kwa magoti. Kila nikimeza, koo lake lilikuwa linashuka na kupanda pamoja na langu. Alimeza hiyo pembe yote bila tone hata moja kuingia mdomo wake.

Vigelegele vikarudi. Githae alikuwa analia ama anacheka, sijui. Mama aliketi chini kwa maganda ya ndizi.

Nikampelekea mzee pembe tupu. Akaishika. Akaiinua puani akainusa, manze, akainusa kabisa, macho yamefungwa, na mimi nikitaka kumnyang'anya. Halafu akampatia Ngaruiya ijazwe ya wengine, na akaita mtu amletee chai.

"Na isichemke sana," akasema.